Moshi wa Sigara ya Mwingine

Bila shaka wengine wenu mmekwisha kula chakula cha jioni, na kama mzee wa nyumba ni mvutaji, yamkini sasa hivi ameketi kitini pake na sigara i mkononi. Tafadhali, asiizime redio. Mazungumzo ya leo hayakuja kumgombeza. Twataka kuzungumza habari za wale wengine walioketi chumbani pamoja naye.

Katika makanisa yetu mengi habari za tumbaku huhesabiwa kuwa jambo lililokwisha zamani. Mwulize mama yeyote wa kanisa juu ya sigara, naye atakujibu mara moja, "Mimi? Sijaigusa tangu nizaliwe." Na asema kweli. Lakini hebu umwulize swali jingine: nyumbani kwako ni nani avutaye? Hapo atatulia kidogo. Ni mumewe, au ni mkwe wake, au ni kijana wake wa kwanza aliyerudi kutoka mjini. Tena kuna ule mkesha wa matanga, ambapo wanaume hukaa chini ya turubai usiku kucha wakivuta, na watoto wamelala papo hapo mikekani. Mapafu ya mama yule hayaulizi sigara ilikuwa ya nani.

Sigara inapowaka hutoa moshi wa namna mbili. Uko ule ambao mvutaji huuvuta kinywani kisha akautoa. Na uko ule unaopanda wenyewe kutoka kwenye ncha ya sigara wakati anapoishika tu kati ya vidole au anapoiweka kwenye kisahani cha majivu. Huu wa pili ndio ulio mwingi: katika moshi unaobaki chumbani, asilimia 85 hivi hutoka kwenye ncha ile. Nao ni mbaya kuliko watu wengi wanavyofikiri. Mtu anapovuta, moto wa sigara huwa mkali. Anapopumzika, moto hupungua na tumbaku haiungui vizuri, kama kuni mbichi zinavyotoa moshi mwingi wa kuwasha macho. Kwa hiyo moshi wa ncha, ukipimwa kwa uzito ulio sawa, una sumu nyingi kuliko ule aliouvuta mwenyewe. Wataalamu wamehesabu zaidi ya kemikali 7,000 ndani ya moshi wa sigara, na kati ya hizo 70 hivi zajulikana kuleta kansa. Imo benzini. Imo formaldehidi, dawa ile itumiwayo kuhifadhi maiti zisioze. Imo pia hewa ya kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa.

Huenda ndugu mmoja atauliza, "Je, ni nani aliyethibitisha kwamba moshi huo waingia kweli katika mwili wa mtu aliyeketi kando?" Jambo hilo hupimwa. Nikotini ikiingia mwilini hugeuka kuwa kitu kiitwacho kotinini, nacho hupatikana katika damu, katika mate na katika mkojo. Mtoto mchanga ambaye hawezi hata kushika kijiko, akipimwa mkojo wake katika nyumba ya wavutaji, kotinini huonekana. Haikutoka kwingine ila katika hewa aliyoipumua.

Lakini kuingia mwilini ni jambo moja, na kuua ni jambo jingine. Kwa miaka mingi watu walijua kwamba sigara humdhuru mvutaji, lakini hawakuwa na hakika juu ya jirani yake. Aliyefungua mlango huo alikuwa daktari Mjapani, jina lake Takeshi Hirayama, wa taasisi ya kansa iliyoko Tokyo. Kazi yake yafaa tuieleze polepole, kwa maana ilifanywa kwa uvumilivu mwingi.

Mwishoni mwa mwaka wa 1965 watu walitumwa katika wilaya 29 za afya nchini Japani, wakaenda nyumba kwa nyumba. Waliwauliza watu wazima wenye umri wa miaka 40 na zaidi: unavuta? Unakunywa? Unakula nini? Unafanya kazi gani? Watu walioandikwa walikuwa 265,118, karibu wote wa umri huo katika wilaya zile. Kisha hakuna aliyeambiwa abadili maisha yake. Watafiti walingoja tu, mwaka baada ya mwaka, na kila mtu alipokufa sababu ya kifo chake iliandikwa. Walingoja miaka 14.

Japani ya siku zile ilifaa sana kwa uchunguzi huo. Wanaume wengi walivuta, lakini wanawake wachache tu ndio waliovuta. Hirayama aliwatenga wake ambao wenyewe hawakuvuta kamwe, wakawa 91,540. Wote hao walikuwa kama yule mama wa kanisa niliyemtaja: hawakuigusa. Kisha akawagawanya kufuatana na desturi za waume zao, akahesabu ni wangapi waliokufa kwa kansa ya mapafu.

Majibu yake yalichapishwa mwezi wa Januari 1981 katika gazeti la madaktari wa Uingereza. Ikiwa tutaihesabu hatari ya mke wa mwanamume asiyevuta kuwa 1, basi hatari ya mke wa mtu aliyevuta chini ya sigara 20 kwa siku, au aliyekuwa mvutaji akaacha, ilikuwa 1.61. Na mke wa mtu aliyevuta sigara 20 au zaidi kwa siku, hatari yake ilikuwa 2.08, yaani zaidi ya mara mbili. Angalieni jinsi hesabu ile inavyopanda ngazi. Mume akizidi kuvuta, mke azidi kuugua. Na jambo hili lilionekana hasa katika familia za wakulima.

Liko jambo moja katika karatasi ile ambalo mimi hulipenda sana. Hirayama alijua watu watasema, "Labda wanaume wavutao huishi ovyo katika mengine pia, na hayo mengine ndiyo yanayowaua wake zao." Basi akaangalia pombe. Akaona kwamba kama mume alikunywa au hakunywa, hakukuwa na tofauti yoyote katika vifo vya wake kwa kansa ya mapafu. Akaangalia kansa ya tumbo. Huko nako moshi wa mume haukuonyesha kitu. Pombe ya mume ina njia zake nyingi za kumwumiza mke, sina haja ya kuwaeleza ninyi, lakini haiingii katika mapafu yake. Moshi huingia.

Mwaka uo huo wa 1981 daktari mwingine, Dimitrios Trichopoulos, alitoa habari kutoka Athens, Ugiriki. Yeye hakungoja miaka 14. Aliwaendea wanawake 51 waliolazwa kwa kansa ya mapafu, na wengine 163 waliokuwa na magonjwa mengine, akawauliza juu ya waume zao. Naye aliona vivyo hivyo: wasiovuta walioolewa na wavutaji walikuwa katika hatari iliyozidi mara mbili. Nchi mbili zilizo mbali, njia mbili zisizofanana, na jibu ni lile lile.

Je, watu walipokea habari hizo kwa moyo mweupe? La, hasha. Makampuni ya tumbaku ya Marekani yalikuwa na chama chao, na chama hicho kilitangaza magazetini kwamba Hirayama amekosea hesabu. Dai hilo lilipochunguzwa na wataalamu wengine likaonekana halina msingi. Hesabu ya Hirayama ilikuwa sawa. Lakini watu wangapi husoma sahihisho? Waliosoma kwamba Mjapani amekosea walibaki na neno hilo tu. Miaka ilipita. Katika miaka ya 1990 mashtaka ya Marekani yaliyalazimisha makampuni kufungua makabati yao, na mamilioni ya kurasa za siri yakatoka nje. Ndani yake ilikuwamo barua ya mwaka ule ule wa 1981, ikieleza kwamba wataalamu walio upande wao wenyewe wanamwona Hirayama kuwa mwanasayansi mwema na kazi yake kuwa ni sahihi. Yaani hadharani walimkana, na chumbani walimkubali. Mwaka 2006 jaji Gladys Kessler wa Washington aliamua kwamba makampuni hayo makubwa yaliudanganya umma kwa miaka mingi, hata juu ya moshi huu wa wasiovuta.

Twapaswa kuwa waaminifu na hesabu, hata pale zisipotupendeza. Katika wale wanawake 91,540, waliokufa kwa kansa ya mapafu kwa miaka 14 walikuwa 174, yaani kama wawili katika kila elfu. Kwa hiyo mama asikimbie usiku huu akidhani kesho atakufa kwa sababu mume wake anavuta. Tena, uchunguzi mwingi uliofuata, ukijumlishwa pamoja, umeonyesha hatari iliyozidi kwa asilimia 20 hadi 30 kwa wastani, si mara mbili. Kwa maana wastani huo huwachanganya walioishi na moshi mzito na walioishi na moshi kidogo. Mwaka 2003 kulitokea hata uchunguzi mmoja kutoka California uliosema haukuona hatari ya maana. Sehemu ya fedha zake ilitoka katika makampuni ya tumbaku. Mimi singeitupa kazi ya mtu kwa sababu hiyo peke yake, lakini ningeiweka kwenye mizani pamoja na nyingine zote, na mizani imeelemea upande mmoja. Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa taarifa nzima juu ya jambo hili mwaka 1986. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa kansa la Shirika la Afya Duniani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliuandika moshi huu katika orodha ya vitu ambavyo imethibitika huleta kansa kwa wanadamu. Na mwaka 2006 Daktari Mkuu wa Marekani alisema kwamba hakuna kiasi cha moshi huu, hata kiwe kidogo namna gani, ambacho hakina hatari.

Sasa nitawaambia jambo ambalo wengi hawalijui. Tumeizungumza kansa kwa urefu, lakini anayeua zaidi ni moyo.

Moshi wa sigara huifanya damu iwe nyepesi kuganda, nayo mishipa ya moyo hupoteza ulaini wake wa kutanuka. Haya hayahitaji miaka. Mwaka 2001 madaktari wa Osaka, huko huko Japani, waliwaketisha vijana wasiovuta katika chumba chenye moshi kwa nusu saa tu. Kabla ya kuingia, mishipa ya mioyo yao ilipitisha damu vizuri kuliko ya vijana wavutaji. Walipotoka, tofauti ile ilikuwa karibu kutoweka. Nusu saa, ndugu zangu! Ni muda wa kunywa chai mbili hotelini. Kijana mwenye afya moyo wake utarudi katika hali yake. Lakini fikirini mzee wa miaka 65 ambaye mshipa wake umekwisha kuziba nusu, naye ameketi katika chumba kile kile. Taarifa ya mwaka 2006 yasema hatari ya ugonjwa wa moyo kwa asiyevuta akaaye na moshi huzidi kwa asilimia 25 hadi 30. Na kwa kuwa ugonjwa wa moyo huwapata watu wengi kuliko kansa ya mapafu, asilimia hizo ni watu wengi sana.

Uko mji mdogo huko Marekani, katika jimbo la Montana, uitwao Helena. Mwezi wa Juni 2002 mji huo ulipiga marufuku kuvuta sigara ndani ya hoteli, vilabu na mahali pa kazi. Hospitali iliyowapokea wagonjwa wa moyo ilikuwa moja tu, kwa hiyo kuhesabu kulikuwa rahisi. Katika miezi sita ya namna hiyo miaka ya nyuma, waliolazwa kwa mshtuko wa moyo walikuwa 40 kwa wastani. Katika miezi sita ya sheria wakawa 24. Kisha sheria ikasimamishwa kwa amri ya mahakama, na wagonjwa wakarudi kuwa wengi. Mtu aweza kusema mji ni mdogo na hesabu ni ndogo, huenda ni bahati tu. Ni neno la haki. Lakini Scotland si mji mdogo. Huko sheria ilianza mwezi wa Machi 2006, na katika hospitali tisa waliolazwa kwa maradhi ya ghafula ya moyo walipungua kwa asilimia 17 mwaka uliofuata. Na walionufaika zaidi ni nani? Theluthi mbili ya upungufu huo ilikuwa ya watu wasiovuta. Watoto waliolazwa kwa pumu nao walipungua huko Scotland tangu sheria ile.

Nimefika kwa watoto, na hapo sitaki kwenda haraka. Mtoto hupumua mara nyingi kuliko mtu mzima, mapafu yake bado yanakua, tena hana njia ya kuondoka. Mtu mzima akiona moshi umemzidi atainuka aende uani. Mtoto wa miezi minne atakwenda wapi? Yumo mgongoni au yumo kitandani, na hewa iliyomo ndiyo hewa yake. Watoto wa namna hii hushikwa zaidi na kikohozi, na nimonia, na pumu, na maumivu ya masikio yasiyokwisha. Hata ile ajali ya mtoto mchanga kulala mzima na kukutwa asubuhi amekufa, bila sababu yoyote kuonekana, hutokea zaidi katika nyumba zenye moshi. Mama mwenye mimba akaaye katika moshi huzaa mtoto mwenye uzito pungufu.

Mwaka 2011 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walichapisha hesabu ya dunia nzima kwa mwaka 2004. Walipata kwamba moshi wa wengine uliwaua watu 603,000 katika mwaka huo mmoja. Kansa ya mapafu ilikuwa 21,400 tu kati yao. Moyo ulikuwa 379,000. Na maradhi ya mapafu ya watoto wadogo, hasa nimonia, yalikuwa 165,000. Karibu nusu ya wote waliokufa walikuwa wanawake. Na wale watoto wa nimonia wengi walikuwa wa Afrika na Asia ya kusini, mahali ambapo mtoto mwenye nimonia hubebwa mwendo mrefu kabla ya kufika zahanatini. Siku hizi Shirika hilo husema wafao ni zaidi ya milioni moja kila mwaka.

Najua wako akina mama jikoni wanaocheka kidogo wakinisikia. "Mwalimu," watasema, "huo moshi wa sigara ni nini mbele ya moshi wa kuni zangu?" Ni swali jema. Moshi wa kuni nao huua, na huua watu wengi zaidi, wala sitaki mtu afikiri nimeusahau. Lakini mzigo wa pili haupunguzi wa kwanza. Mtoto aliyekwisha kukohoa kwa moshi wa jiko ndiye asiyepaswa kuongezewa wa sigara. Tena kuni zapika ugali. Hatuna njia rahisi ya kuziacha leo. Sigara ya ndani ya nyumba haipiki kitu.

Wengine hufungua dirisha, au mvutaji huhamia chumba cha pili. Ni nia njema, lakini haitoshi. Chembe za moshi huu ni ndogo mno, hupita chini ya mlango, huzunguka juu ya kuta zisizofika paani, kama zilivyo nyumba zetu nyingi za mabati, na huelea hewani muda mrefu baada ya harufu kupungua. Wala pangaboi haliondoi moshi. Hulisambaza tu kila mtu apate sehemu yake. Nchi zilizojaribu vyumba vya kupitisha hewa zimeona kwamba njia ifanyayo kazi ni moja: sigara ivutiwe nje.

Kwetu Kenya sheria ipo. Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka 2007, nayo ikaanza kutumika Julai 2008. Tangu hapo ni kosa kuvuta mahali pa umma isipokuwa pale palipotengwa. Waliokuwa wakisafiri kwa matatu kabla ya hapo wanajua tofauti. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2014, watu wazima waliotumia tumbaku walikuwa asilimia 11.6, wanaume wengi kuliko wanawake: 19.1 kwa 4.5. Yaani hali yetu yafanana na Japani ile ya Hirayama kwa jambo moja: anayevuta mara nyingi ni baba, na wanaopumua ni mama na watoto. Lakini askari hawezi kukaa sebuleni mwa kila mtu.

Basi mke afanye nini? Wengi huniambia, "Siwezi kumwamuru mume wangu." Nami siwaambii mmwamuru. Kumwambia mtu "Acha sigara" ni kumwomba jambo zito. Nikotini imemfunga, na wengi huacha mara tano wakarudi. Kumwambia, "Baba Fulani, naomba uvutie nje, mtoto anakohoa," ni kumwomba hatua kumi tu hadi mlangoni. Nimeona wazee wakali sana wakikubali hilo pasipo maneno, kwa sababu halimwondolei mtu heshima yake. Mwekee kigoda chake chini ya mwembe, na mkebe wa majivu kando. Kama hasikii kwa mkewe, huenda atasikia kwa mamaye, au kwa mzee wa kanisa ambaye zamani alikuwa mvutaji mwenyewe. Na katika matanga, wenye kupanga viti waweza kuweka mahali pa wavutaji mbali na turubai, upande upepo uendako.

Neno jingine kwa wazazi. Mkimpeleka mtoto zahanatini kwa kikohozi kisichokwisha au kifua kinachopiga filimbi, mganga asipouliza, mwambieni ninyi kwamba nyumbani yuko mtu avutaye. Akina mama wengi hulificha neno hilo kwa aibu, hasa wakiwa washirika wa kanisa, na mtoto hupewa chupa ya tatu ya dawa ya kikohozi kisha hurudishwa chumba kile kile.